Kahawa ya Kivu iko wapi mezani?

Bwana Mhariri,

Ninauza kahawa ya Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, sokoni Kadutu hapa Bukavu, na mwaka jana nilifika Vietnam, nchi ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa baada ya Brazil. Kilichonigusa ni Hanoi asubuhi: watu wamekaa kwenye viti vifupi kando ya barabara, kichujio kidogo cha bati juu ya glasi, kahawa inadondoka polepole kwenye maziwa mazito ya mkebe. Pembeni kuna bakuli la phở, yaani tambi za mchele, nyama ya ng'ombe na supu iliyochemka saa nyingi pamoja na mdalasini. Mgeni anakula wanachokula wenyeji, palepale.

Ghuba ya Ha Long ya hukohuko Vietnam, urithi wa dunia tangu 1994, ni nzuri kweli. Lakini Ziwa Kivu halina sababu ya kuionea haya.

Hapa kwetu arabika yetu inaondoka kwenye magunia, na mgeni akiomba kahawa analetewa unga wa kopo kutoka ng'ambo. Inaniuma sana. Ndugu zangu wenye migahawa, wekeni kahawa ya Kivu mezani, pamoja na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Anayetaka kujua namna ya kukaanga kahawa hiyo anifikie sokoni, nitamwonyesha bila malipo.

Muuza kahawa, Kadutu, Bukavu