Barua kwa Mwanangu: Aya ya Tatu Ni ya Nani?

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za bibi yako na za mdogo wako. Mama mdogo, unayeishi naye huko Marekani, amenitumia picha za karatasi mbili: mpango wa somo la fasihi ya Marekani, ambao mwalimu wenu anataka utiwe sahihi na mzazi, na insha yako juu ya Frederick Douglass, yule mtumwa wa Marekani aliyetoroka akawa mwandishi na mpinga utumwa, iliyorudi bila alama, aya moja ikiwa imezungushiwa duara na swali dogo pembeni. Mpango nimeuelewa. Insha ndiyo iliyoninyima usingizi, na kabla sijaingia katika mengine nakuuliza jambo moja, ambalo ningependa unijibu kwa maandishi wala si kwa simu: aya ya tatu ni ya nani?

Aya ya pili sina haja ya kuiulizia. Humo umeeleza jinsi Douglass, akiwa mtoto mtumwa mjini Baltimore, alivyojifunza kuandika kwa kuwatazama maseremala wa merikebu wakitia herufi kwenye mbao: L na F kwa ubao wa ubavu wa kushoto upande wa omo, S na A kwa ule wa kulia upande wa tezi. Ukaongeza kwamba nawe ulizijua herufi za makontena ya bandari yetu ya Kilindini kabla hujaingia darasa la kwanza, na kwamba mtoto anayejifunzia kwenye mizigo hakuna wa kumfungia kitabu. Sentensi hiyo ina kosa la sarufi ambalo mwalimu amelipigia mstari, nayo ndiyo bora kuliko zote katika insha nzima. Nilimwita bibi yako nikamtafsiria, akaomba nimsomee tena.

Kisha inakuja aya ya tatu, isiyo na kosa hata moja. Haina mtaa, haina ukurasa, haina mtu. Inasema kwamba elimu ni ufunguo wa uhuru na kwamba mwandishi anadhihirisha nguvu ya roho ya binadamu, maneno yanayoweza kuandikwa juu ya vitabu mia na mtu ambaye hakufungua hata kimoja. Nimesahihisha insha za watoto wa wenzangu kwa miaka mingi, mwanangu, na mkono wako naujua. Wewe huandiki hivyo. Nitafurahi kuliko unavyodhani ukinionyesha kwamba nimekudhania vibaya.

Nataka tuutazame mpango wenyewe, kwa sababu nahofia uliupitia kama tangazo la shule. Mwalimu anasema kila jioni msome kurasa alizozitaja mkiwa na kalamu mkononi, muandike pembeni maswali yenu na yale yanayowashangaza, naye atayakagua maandishi hayo. Anasema mtakaa kwa duara mkijadili kitabu bila yeye kuwaongoza, na atakayenyamaza hatapata alama za siku hiyo. Anataka insha iwe na dai lako mwenyewe, yaani jambo ambalo msomaji mwingine makini anaweza kulipinga, kisha nukuu fupi yenye namba ya ukurasa, kisha maelezo yako yaliyo marefu kuliko nukuu. Rasimu zote ziandikwe katika programu ya shule inayohifadhi kila badiliko, ili aone insha ilivyokua tangu sentensi ya kwanza. Kwa hiyo aya iliyoingia yote kwa mpigo ataiona ilivyoingia. Kipengele alichokikoleza wino kuliko vyote ni kile kinachosema kwamba maneno au mawazo ya mtu mwingine yakitumiwa bila kumtaja mwenyewe, yawe yametoka katika kitabu cha mwongozo, kwenye mtandao, kwa rafiki au kwa programu ya akili bandia, huo ni wizi. Mara ya kwanza ni sufuri na barua kwa mzazi. Mara ya pili ni kwa mwalimu mkuu.

Hukulelewa hivyo, nami sitajifanya silijui hilo. Hapa kwetu mwanafunzi wa kidato cha nne hupewa dondoo na kuulizwa muktadha wake, akataja msemaji, anayeambiwa, mahali na sababu, akapata alama zake nne. Na aliyekariri mwongozo barabara humshinda aliyekisoma kitabu chenyewe akakipenda. Miongozo iliyojaa kwenye rafu ya sebuleni hukuinunua wewe. Ile orodha ya tamathali za kupambia insha, iliyobandikwa nyuma ya mlango wenu, hukuiandika wewe. Lakini mwalimu wako wa sasa anakuuliza wewe unaonaje, na kwa swali hilo hakuna mwongozo utakaokufaa.

Usidhani ninachokiogopa ni sufuri. Sufuri moja hufidiwa muhula ukiisha. Ninachokiogopa ni shaka, kwa maana shaka ikishaingia, hata aya ya pili haitaaminika, na mtoto mgeni anayeandika vizuri hutiliwa shaka kabla hajasomwa. Jina la pili katika orodha ya waandishi mtakaowasoma ni la mshairi Phillis Wheatley. Aliteremshwa Boston mwaka 1761, mwendo wa treni moja kutoka hapo Lowell unapoishi, akiwa mtoto wa miaka saba au minane aliyenyakuliwa Afrika Magharibi na ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado yanang'oka. Jina la Phillis lilikuwa la meli iliyomleta. Alipokuwa msichana na mashairi yake kutosha kitabu, hakuaminika kwamba ndiye aliyeyatunga; kitabu kilipotoka London mwaka 1773, kilibeba tamko lililotiwa sahihi na mabwana 18 wa Boston, gavana Thomas Hutchinson na John Hancock wakiwamo, la kuuthibitishia ulimwengu kwamba mashairi hayo yaliandikwa na binti huyo. Yalikuwa yake, mwanangu, kila mstari, na bado alihitaji mashahidi 18. Wewe una mwalimu mmoja tu wa kumridhisha, tena ameanza kwa kukuuliza badala ya kukuhukumu.

Douglass naye alikutana na hayo hayo. Alipokuwa akihutubia mikutano ya wapinga utumwa, walikuwapo waliosema kwamba mtu mwenye Kiingereza safi namna ile hakuwahi kuwa mtumwa. Akajibu kwa kitabu cha maisha yake. Alikiandika akiishi Lynn, hapo hapo Massachusetts, kikachapishwa Boston mwaka 1845, na kwenye ukurasa wa jina yakawekwa maneno kwamba kimeandikwa naye mwenyewe. Aliwataja mabwana zake kwa majina, akataja na mahali walipoishi, ingawa kwa kufanya hivyo alijiweka katika hatari ya kukamatwa na kurudishwa utumwani. Mwaka huo huo ikambidi avuke bahari hadi Ireland na Uingereza, na hakurudi hadi mwaka 1847, baada ya marafiki kulipa fedha za kumkomboa. Sasa tazama: mabwana aliwataja, lakini wale watoto wa Kizungu waliomfundisha kusoma mitaani kwa malipo ya mkate hakuwataja, japo anasema alitamani sana kufanya hivyo, kwa kuwa kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa lisilosameheka machoni pa watu wao. Kwa nini mtu awafichue wakubwa na kuwasitiri wadogo? Hapo pana aya ya tatu nzima, pengine pana insha nzima. Lakini nisije nikakuandikia mimi. Ukilitumia wazo hili, mwambie mwalimu kwamba limetoka kwa mama yako, uliandike hivyo na katika insha.

Mama mdogo anasema darasani husemi, kwamba siku ya duara unainamia kitabu mpaka kengele ilie, na kwamba kuna aliyecheka ulivyotamka neno fulani. Hilo limeniuma. Wewe ambaye mashindano ya mashairi ya kaunti ulisimama mbele ya watu usitetemeke! Mkifika muhula wa pili mtamsoma Zora Neale Hurston, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1937 aliwaacha watu wa Florida wazungumze kama walivyozungumza vibarazani mwao. Richard Wright, mwandishi mwenziwe Mweusi na mashuhuri, aliikosoa vikali, na kwa miaka mingi riwaya hiyo haikuchapishwa tena. Leo imo katika mpango wa darasa lako. Sema kwa Kiingereza ulicho nacho. Kikiwa kizito, ni chako, na alama za siku hiyo zinatolewa kwa anayesema.

Kuhusu kitabu cha Mark Twain mtakachokisoma, lile neno la kuwadharau watu Weusi limejaa humo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiombwa usome kwa sauti na hutaki kulitamka, mwambie mwalimu mapema kwa heshima. Huo si utovu wa adabu. Kitabu chenyewe kisome chote, maana huwezi kukipinga wala kukitetea kwa kusimuliwa.

Nirudi kwenye lililo moyoni. Kama aya ile ni yako, kusanya rasimu na maandishi yako ya pembeni, mpelekee mwalimu, umwonyeshe ilivyoanza na ulivyoisafisha, na usiondoke kwa hasira hata kama amekutilia shaka bila haki. Kama si yako, nenda kwake Jumatatu asubuhi kabla hajakuita, umwambie umeitoa wapi, na umwombe uiandike upya kwa alama zozote atakazokuachia. Usimtume mama mdogo akuzungumzie. Usiseme hukujua, kwa sababu mpango ulikuwa nao tangu wiki ya kwanza, na lililoandikwa humo kwa wino mzito linaonekana hata kwenye picha niliyotumiwa mimi Mombasa. Kwa vyovyote vile nataka jibu la maandishi, kwa lugha yoyote, na usilipambe.

Namsikia mama mdogo akilalamika kidogo, si sana, kwamba akirudi kutoka zamu ya usiku anakuta vyombo kwenye sinki. Anawalea wagonjwa usiku kucha ili wewe upate meza ya kuandikia, vyombo vioshe. Koti ulilosema limekubana usingoje baridi ikaze ndipo umwambie. Bibi presha yake imeshuka tangu abadilishiwe dawa, ila anakataa kuacha chumvi. Tangi la maji limetobolewa na kutu tena, na fundi ameahidi kuja kesho kama alivyoahidi jana.

Nauli ya treni ya Boston nimemtumia mama mdogo. Mkipata Jumamosi moja, nendeni Commonwealth Avenue, ilipo sanamu ya Phillis Wheatley pamoja na za Abigail Adams na Lucy Stone. Chukua daftari, maana mwalimu ameandika kwamba anapokea kazi ya ziada. Fomu ya mpango nimeitia sahihi na nimeituma. Mdogo wako amekuwa akiulizia miongozo yako ya riwaya na tamthilia, kwa kuwa mtihani wa muhula umekaribia. Nimeifungia kabatini mpaka amalize kukisoma kitabu chenyewe, naye amenuna tangu jana, kwa hiyo akikupigia simu kukuomba umtetee, usimtetee.

Ni mimi mama yako.