Meli yenyewe ndiyo inadaiwa, msikae kumsubiri tajiri

Mhariri, naomba nafasi. Kila zikitoka habari za mabaharia waliotelekezwa melini bila mshahara tunasoma tu kwamba wana njaa, maji yamekwisha, wanaomba msaada, basi. Hakuna anayewaambia kwamba hiyo meli wanayolala ndani yake ndiyo dhamana yao.

Jamani, kwa sheria za bahari mshahara wa baharia unaidai meli yenyewe, sio tajiri mwenye meli peke yake. Aiuze, abadilishe jina na bendera, deni linaifuata huko huko, ndo maana ni muhimu kutunza ile namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) ya tarakimu 7, hiyo haibadiliki hata ipakwe rangi mara ngapi. Mahakama inaweza kuizuia meli isitoke bandarini, na ikifika kupigwa mnada mshahara unatangulia mbele ya mkopo wa benki.

Kinachowaponza watu ni kusubiri. Mkataba wa kimataifa wa 1993 kuhusu madeni na rehani za meli unatoa mwaka 1 tu, unahesabiwa tangu baharia aachishwe melini, ukipita meli haijakamatwa haki hiyo ya kuidai meli imekufa, na ziko nchi zenye muda wao tofauti. Sasa mtu anaambiwa wiki ijayo, wiki ijayo, mwaka unaisha! Inaniuma sana hii.

Mafundi na wauza spea, mafuta na vyakula hali yao ni ngumu zaidi. Marekani sheria inawapa haki inayoing'ang'ania meli, Uingereza wanaweza kuishtaki meli lakini benki inatangulia, na ikishauzwa kabla hawajafungua kesi imekula kwao. Kwa hiyo fundi, kama meli bado iko chelezoni kwako, yaani pale unapoitengeneza, usiiachie kwa ahadi, maana ukiwa umeishika unaweza kukataa kuitoa mpaka ulipwe, ikishaondoka nguvu hiyo imekwenda nayo. Na wewe muuzaji, hakikisha karatasi ya kupokelea mzigo ina jina la meli, sio la kampuni tu, nahodha au chifu inginia asaini na muhuri wa meli ugongwe hapo hapo.

Ombi langu kwa waandishi wenu, mkipanda tena kwenye meli kama hizo ulizeni mshahara wa mwisho ulilipwa lini na kama kuna kesi imefunguliwa, halafu muichape na namba ya IMO gazetini.