Rehema, naomba unichoree ukoo wa Judith

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mafua yanazunguka nyumba nzima, akipona huyu anashika yule. Najua unasema Saumu kakumbuka kuandika, basi ana shida. Ninayo, lakini si ya pesa, kwa hiyo usiikunje barua.

Nataka unichoree shajara ya ukoo. Wewe una mkono wa ramani, mimi mistari yangu inapandana mpaka karatasi imetoboka kwa kufutwa. Chanzo ni Kombo. Kaja barazani, kanywa kahawa yangu, halafu anatangaza kwamba wafalme wa Ulaya ya kale ukoo wao mwepesi: baba, mwana, mjukuu, basi. Wanawake ni wa kuzaa tu. Shemeji yako naye akatikisa kichwa kukubali! Nikanyamaza. Yaani, unanijua, sikunyamaza.

Nikamtolea Judith. Huyu ni kitukuu cha Charlemagne, mfalme mkuu wa Wafaranki waliotawala Ulaya magharibi: Charlemagne alimzaa Louis Mcha Mungu, Louis akamzaa Charles Kipara, mfalme wa Wafaranki wa magharibi, na Charles ndiye baba wa Judith. Mwaka 856 Æthelwulf, mfalme wa Wessex kule kusini mwa Uingereza, alikuwa anarudi kutoka kuhiji Roma, akapita kwa Charles. Mtu mzima, ana wana wakubwa, na mmoja wao, Æthelbald, alishaanza kumfanyia uasi huko nyumbani. Tarehe 1 Oktoba akaozwa Judith, mtoto wa miaka 12 au 13. Hincmar, askofu mkuu wa Reims, akamtia binti mafuta na kumvika taji la umalkia palepale. Mimi naona baba alikuwa anamwekea kinga, maana Wessex mke wa mfalme hakuwa na cheo hicho. Asser, mmonaki wa Wales aliyeandika habari za Mfalme Alfred mwaka 893, anasema sababu ni Eadburh, binti wa Offa mfalme wa Mercia, aliyeolewa na mfalme wa Wessex wa zamani. Huyo alimtegea sumu kijana mmoja aliyependwa na mumewe, mumewe akainywa pia, wakafa wote wawili. Tangu hapo watu wa Wessex hawakutaka kusikia neno malkia. Hadithi ya Eadburh ni ndefu, tukionana nitakusimulia alivyoishia kuombaomba Pavia.

Sasa shika kalamu. Æthelwulf alifariki mwaka 858. Ufalme ukachukuliwa na yuleyule Æthelbald, naye akamchukua na mjane. Mama yake wa kambo! Kombo akaweka kikombe chini, astaghfirullah. Asser naye kapiga kelele kwenye kitabu chake kwamba jambo hilo hata wapagani hawalifanyi. Hapo nasema Asser katia chumvi. Eadbald, mfalme wa Kent, alimuoa mke wa marehemu baba yake zaidi ya miaka mia mbili kabla, na Bede, mmonaki mwanahistoria wa Uingereza, kaiandika wazi. Tena kumbukumbu za Wafaranki za wakati uleule zinaitaja ndoa ya Judith bila hata neno moja la kulaani. Kelele zilikuja baadaye, kutoka kwa mtu aliyekula mezani kwa Alfred, mdogo wake Æthelbald.

Na kinachonikera, Rehema, ni kwamba wote wanabishana kuhusu Æthelbald na aibu yake. Yule msichana aliulizwa na nani? Hakuna palipoandikwa neno lake hata moja.

Æthelbald akafa mwaka 860. Judith mjane mara mbili, hajafika miaka ishirini, hana mtoto. Akauza mali zake za Uingereza akarudi kwao. Baba akamweka Senlis chini ya ulinzi, kwa heshima zote za malkia, eti atulie mpaka aolewe tena kwa utaratibu. Utaratibu wa nani? Mwanzoni mwa mwaka 862 akabadilisha mavazi akatoroka na Baldwin, kabaila wa baba yake, na kaka yake mtu, Louis, alikuwa anajua na karidhia. Charles akawaka. Maaskofu wakawatenga wote wawili na kanisa. Wao wakaenda zao Roma kwa Papa Nicholas I, naye akawaombea, akimkumbusha Charles kwamba Baldwin akikatishwa tamaa anaweza kuungana na Waviking. Mwaka 863 wakafunga ndoa rasmi Auxerre. Baba mtu hakuhudhuria, lakini Baldwin alipewa ardhi, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo.

Hapa ndipo mistari yangu inaponishinda. Mwana wa Judith, Baldwin wa Pili, alimuoa Ælfthryth, binti wa Alfred. Na Alfred ni nani? Mtoto wa mwisho wa Æthelwulf! Kwa Judith ni mwana wa kambo, halafu akawa shemeji, halafu binti yake akawa mke wa mwanawe. Nimpe mistari mingapi huyu? Halafu ukifuata uzao huo wa Flanders unamfikia Matilda, mke wa William wa Normandy, yule aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Damu ya Alfred iliingia nyumba ya William kwa mkewe. Ndoa mbili walizompangia wafalme hazikutoa mtoto hata mmoja. Hii ya kutoroka, iliyomfanya alaaniwe kanisani, ndiyo iliyozaa. Kombo alitafuta la kusema, akaomba kahawa nyingine.

Kwa hiyo Judith umweke katikati, asiwe pembeni kama vitabu vinavyomweka. Ndoa ziwe na mistari miwili, ukambo wino mwekundu.

Karatasi moja kubwa inatosha au tuunganishe mbili? Hiyo Æ unaweza kuichora vizuri, au niandike mimi? Eadburh nimweke, ingawa si wa ukoo huu, au atatuchafulia? Mama goti linaendeleaje? Mwajuma kakupa vile vitenge, au bado anasema kesho? Na Idd unakuja kweli safari hii? Kama unakuja, ichore uje nayo mwenyewe, usimpe dereva wa basi, ile ya mwaka juzi ilifika imekunjwa nne.

Wako,
Saumu