Risala ya Walimu wa Sayansi, Gredi ya 7 hadi 9, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu, mgeni wetu rasmi, mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, mwalimu mkuu, wazazi na wanafunzi, hamjambo.

Karibu Nakuru. Mezani mbele yako pana bika, kipimajoto na jiko la gesi. Tumeviweka hapo makusudi, kwa maana risala yetu ni ya maji yanayochemka.

Muulize mwanafunzi wa Gredi ya 8 maji huchemka kwa nyuzi ngapi. Atajibu 100 kabla hujamaliza swali. Hapa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu nyuzi 94. Kipimajoto kinaonyesha 94, na mtoto anaandika 100 kwenye jedwali kwa sababu kitabu kimesema. Ukimbana, atakwambia kifaa ni kibovu.

Tunavyolifundisha somo hili sasa ni hivi. Kabla jiko halijawashwa, kila mmoja anaandika kwa kalamu ya wino anachotarajia kukiona, asije akafuta. Maji ni mililita 200. Ncha ya kipimajoto izame bila kugusa kitako cha bika. Ikigusa, inapima joto la kioo. Wanasoma kila dakika. Kwenye 94 inagoma kupanda, na moto bado unawaka. Joto linaenda wapi? Hapo mwalimu anyamaze, na kunyamaza ndiko kazi. Wengi wetu tukiuliza husubiri sekunde moja, kisha tukajijibu. Ukisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wa viti vya nyuma nao husema.

Wakishaona kwamba joto linageuza maji kuwa mvuke, na kwamba hewa ya huku juu huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, tunawapa swali lisilomo kitabuni: kwa nini githeri ya Nakuru huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa? Na Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Aliyeelewa atataja namba kati ya 94 na 100. Aliyekariri ataomba fomula.

Lakini kilichoeleweka leo husahaulika. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha kwamba kusahau huenda kasi zaidi mwanzoni. Kwa hiyo dakika 5 za kwanza za kila kipindi, daftari zikiwa zimefungwa, tunauliza maswali manne: la jana, la wiki jana, la mwezi uliopita na la muhula uliopita. Majibu yanasahihishwa papo hapo, bila alama. Ukitia alama, macho huhamia daftari la jirani. Na lile swali la “Tumeelewana?” tumeliacha, darasa zima huitikia “Ndiyo mwalimu”, hata waliosinzia.

Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili. Tuna vipimajoto 3 kwa wanafunzi 56, hivyo watatu wanasoma na wengine wanasimuliwa. Tunaomba 12, vya spiriti, si vya zebaki, kwani vikivunjika zebaki ni sumu. Pili, vipindi viwili vya sayansi vifuatane mara moja kwa wiki. Dakika 40 zikiisha maji yakiwa bado yanapashwa, jedwali humaliziwa nyumbani, na huko ile 100 hurudi.

Sasa tunakuomba usogee mezani uandike utabiri wako kabla hatujawasha jiko. Kalamu ni ya wino.