Ushirika wa korosho tunausikia, wa nyanya uko wapi?

Mhariri,

Kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, Siku ya Ushirika Duniani, hotuba huwa zilezile: korosho ya Mtwara, kahawa ya Kagera na Kilimanjaro, pamba, tumbaku. Sizibezi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mkoa huo. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mimi nina genge Tabata Segerea. Korosho siuzi. Nauza nyanya, vitunguu, hoho na mchicha, na sijasikia mtu akipanda jukwaani kuzungumzia ushirika wa vitu hivyo.

Nyanya zangu nyingi zinatoka Ilula, Iringa, ambako wifi yangu analima. Mkulima akishavuna, mzigo unapakiwa kwenye Fuso, unashushwa Soko la Ilala usiku, unapokelewa na dalali. Siku moja tulipigiana simu mimi na wifi kuulizana habari za watoto, tukaangukia kwenye habari za bei. Yeye alikuwa ameambiwa soko limelala, akubali kidogo alichopewa. Mimi asubuhi hiyohiyo, saa kumi na moja, nilikuwa nimeambiwa mzigo ni haba na tenga limepanda. Soko moja, alfajiri moja, limelala kwa mkulima na limechangamka kwa mwenye genge! Tulicheka, ila wifi alicheka kidogo kuliko mimi.

Na tenga lenyewe mnalijua. Juu zimepangwa nyekundu, ngumu, zinavutia, chini uji. Hizo za chini namwaga, na hasara naiweka kwenye mafungu yanayobaki, kwa hiyo anayeilipa ni mama anayenunua fungu moja la kupikia watoto.

Dalali simtupii lawama zote. Ana watu wake wa kulipa, na mzigo ukilala naye analala nao. Ila yeye ndiye peke yake anayezijua bei za pande zote mbili, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Sasa, mtaani kwetu wenye magenge tuko kumi na mmoja. Kila mmoja anaamka kivyake, anakodi bajaji yake, ananunua tenga lake kwa bei ya tenga moja. Jioni walewale tunakaa kikoba kimoja na kuaminiana fedha. Kwa nini tusiagize pamoja, moja kwa moja kwa kikundi cha wakulima, tukasema Jumatatu tunahitaji matenga kadhaa, msichume zaidi ya hapo? Kinachooza njiani ni kile kilichochumwa bila kujua nani atakula. Tena mteja siku hizi ana maswali. Mchicha akiuona tu anauliza: ni wa bonde la Msimbazi? Umemwagiliwa maji gani, umepigwa dawa lini? Namjibu nini, wakati aliyelima simjui hata kwa jina? Mkulima ambaye ni mwenzangu katika chama ningempigia simu.

Nikitaja duka la ushirika, wateja wangu wazee wanaguna. Wanakumbuka mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka huohuo ikaja Operesheni Maduka ya kufunga maduka ya watu binafsi na kuweka ya ujamaa mahali pake. Wanakumbuka foleni za sukari na sabuni zilizofuata. Wana haki ya kuguna. Lakini maduka yale yaliamriwa kutoka juu, na aliyepanga foleni hakuwa na sauti. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao Desemba 1844 kwa fedha walizochanga wenyewe kidogo kidogo. Walianza na unga, siagi, sukari na oti. Hawakuchanganya unga na takataka kama wengine wa wakati ule, faida waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama, na hawakukopesha. (Hilo la mwisho wenye magenge wenzangu tulisome mara mbili. Daftari langu la madeni limeshinda kitabu cha hadithi.)

Tulishajaribu, siwafichi. Tulichangishana tukanunua viazi, yakaja magunia ya lumbesa, yaliyorundikwa hadi juu ya mdomo, tukaona tumepata. Kumbe kilemba chote kile ni jasho la mkulima asilolipwa, na sheria ya vipimo inakikataza. Halafu mweka hazina wetu akakopesha fedha za kikundi bila kikao. Hakuna risiti, hakuna mkaguzi, kikundi kikafa kimyakimya. Ndiyo maana safari hii nataka chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, chenye vitabu vinavyokaguliwa.

Nimekwenda ofisi mara mbili kuulizia. Mara ya kwanza niliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili nilipewa maelezo mazuri sana ya kuanzisha SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ambayo sikuiomba. Naomba kupitia gazeti lako afisa ushirika anijibu: wauza mboga kumi na mmoja wa Segerea, na wakulima wa Ilula walio tayari, tunaweza kuwa chama kimoja ingawa tuko mikoa miwili? Na anapatikana siku gani? Mimi genge nafunga Jumapili tu.

Mwenye genge,
Tabata Segerea, Dar es Salaam