Ufunguo wa kache utaje kila kinachokibadilisha kipande cha ukurasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na watengenezaji wenzangu wa programu za wavuti, pamoja na wamiliki wa tovuti wanaotupa kazi, juu ya jambo ambalo kwa kawaida huamuliwa na mtu mmoja akiwa peke yake mbele ya kompyuta, ilhali matokeo yake humfikia kila anayeifungua tovuti hiyo. Jambo lenyewe ni kuhifadhi katika kache, yaani hifadhi ya muda inayosomeka haraka, vipande vya kurasa ambavyo seva imekwisha kuviandaa, ili isilazimike kuviandaa upya kila vinapohitajika.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze kwamba kurasa nyingi za tovuti hazikai mahali popote zikiwa kamili. Ombi linapoingia, seva huchukua kiolezo, huiuliza hifadhidata maswali ambayo pengine ni makumi, hujaza majibu katika nafasi zilizoachwa wazi, ndipo hutuma ukurasa. Chukua ukurasa wa mbele wa gazeti la mtandaoni: una menyu ambayo huenda isiguswe kwa mwezi mzima, orodha ya habari zinazosomwa zaidi ambayo hubadilika kila baada ya dakika chache, na jina la msomaji aliyeingia katika akaunti yake, ambalo ni lake peke yake. Ukiuhifadhi ukurasa huo mzima, utamwonyesha mtu jina la mwenzake. Ukikataa kuuhifadhi kwa kuogopa hilo, seva itaandaa menyu ileile mara elfu kwa siku bila sababu. Kuhifadhi vipande, kila kimoja kwa mwendo wake, ndiyo njia inayoheshimu jinsi ukurasa ulivyo.

Vifaa vya kazi hii havijatupungukia. Memcached, programu ya kache, ilitengenezwa mwaka 2003 ili kuipunguzia mzigo tovuti ya LiveJournal, na hadi leo inatumika. Katika Django, mfumo wa kutengenezea tovuti, mwandishi wa kiolezo hutaja muda kwa sekunde, jina la kipande, kisha vitu vyote vinavyokitofautisha kipande hicho na kingine. Rails, mfumo mwingine wa aina hiyo, hukitambua kipande kwa namba ya rekodi na wakati ilipobadilishwa mara ya mwisho, na tangu toleo la 4 la mwaka 2013 huongeza alama inayotokana na maandishi ya kiolezo chenyewe, hivi kwamba ukikirekebisha kiolezo, kipande cha zamani hakitumiki tena. Tunachokosa ni uangalifu katika kuuchagua ufunguo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufunguo ndio daftari la kache: ni jina ambalo kipande huwekewa na ndilo jina ambalo huitiwa. Chochote kinachokibadilisha kipande sharti kiwemo ndani yake. Tovuti ikiwa na lugha mbili, lugha iwemo. Mhariri akiona kiungo cha kusahihisha ambacho msomaji wa kawaida haoni, basi cheo cha mtazamaji kiwemo, au kiungo hicho kitolewe nje ya kipande. Mimi mwenyewe niliwahi kuhifadhi sehemu ya juu ya ukurasa, yenye maneno ya kumkaribisha mtumiaji, kwa ufunguo uliotaja jina la ukurasa tu. Mtu wa kwanza kuingia baada ya kipande kuisha muda ndiye aliyekijaza, na kwa dakika kumi kila aliyefuata alikaribishwa kwa jina la mtu huyo. Nilipokuwa nikijaribu sikuona kasoro yoyote, kwa sababu nilikuwa peke yangu na jina lililotokea lilikuwa langu. Bado linaniuma, maana walioonyeshwa jina la mtu mwingine walikuwa na haki ya kujiuliza ni nini kingine kilichokuwa wazi.

Nilivuja jina tu. Tarehe 25 Desemba 2015, kosa katika mpangilio wa kache ya Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, liliwafanya baadhi ya watumiaji waone kurasa zilizoandaliwa kwa ajili ya wengine, zikiwemo anwani za malipo na orodha za manunuzi. Kampuni yenyewe, Valve, ilieleza kuwa walioguswa ni takriban watu 34,000. Huko ziliathirika kurasa nzima, lakini chanzo cha hatari ni kilekile: kitu cha mtu mmoja kuwekwa mahali panapochukuliwa na wote.

Kuhusu muda wa kipande kuishi, wengi wetu huandika sekunde kadhaa na kuendelea na kazi nyingine. Kwa orodha ya habari zinazosomwa zaidi hilo linatosha kabisa. Kwa bei, au kwa habari iliyosahihishwa kwa sababu ilimdhulumu mtu, halitoshi. Ni bora ufunguo ubebe wakati wa badiliko la mwisho, kwa kuwa rekodi ikiguswa ufunguo hubadilika, kipande cha zamani hakiitwi tena, na Memcached hukiondoa yenyewe nafasi inapojaa. Ila vipande vikiwekwa kimoja ndani ya kingine, maoni yakiwa ndani ya makala, badiliko la maoni lazima liguse pia wakati wa makala. Lisipofanya hivyo, kipande cha nje kitaendelea kutoa maoni ya jana.

Kuna kosa jingine ambalo halidhuru mtu lakini hupoteza juhudi yote. Mara nyingi nimekuta programu ambayo imekwisha kuuliza hifadhidata kila kitu kabla ya kufika kwenye kiolezo, ndipo inatazama kama kipande kimo katika kache. Hapo kinachookolewa ni ule ujazaji wa kiolezo tu, na maswali yaliyokuwa mazito yamelipiwa tayari. Maswali yacheleweshwe mpaka ijulikane kuwa kipande hakipo. Vilevile kipande chepesi kisihifadhiwe, kwa sababu kukifuata kwenye seva nyingine ya kache kupitia mtandao kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kukiandaa upya, tupime kwanza. Na kipande kinachoombwa na watu wengi kikiisha muda, ombi moja lipewe kazi ya kukiandaa huku mengine yakipewa kile cha zamani kwa sekunde chache, yasije yote yakaielemea hifadhidata kwa pamoja.

Kwa wamiliki wa tovuti, ombi langu ni dogo. Kabla ya kukubali kazi yoyote inayohusu kache, mtakeni mtengenezaji afungue vivinjari viwili, aingie kwa akaunti mbili zenye majina na ruhusa tofauti, apite kurasa zilezile kwa zamu huku kache ikiwa imewashwa, nanyi mkiwa mmeketi kando yake mkitazama.

Wako,
Mtengenezaji wa programu za wavuti