Kikao cha vitendo Jumamosi: mahali pamebadilika

Walimu wenzangu wa fizikia, habari za jioni. Poleni na kusahihisha.

Tunakutana Jumamosi hii saa 3:00 asubuhi, ila si Mikindani tena. Njooni Shangani, maabara ya shuleni kwangu. Mchango ni Sh 3,000 (chai, mihogo, uzi), umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Kazi ni pendulamu, yaani gololi inayobembea kwenye uzi. Wanafunzi wetu wanapima vizuri, lakini waulize wanabadilisha nini, wanapima nini na nini kinabaki vilevile: kimya! Tutaanza na urefu: sm 20, 40, 60, 80 na 100, kila mara muda wa mibembeo 20 (kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja). Urefu uishie katikati ya gololi, siyo mwisho wa uzi, na pembe isizidi digrii 10. Halafu urefu ukae palepale, tubadilishe uzito tu: gololi ya chuma, kisha ya kioo yenye ukubwa uleule. Kwa mita 1, mbembeo mmoja utabaki karibu sekunde 2. Hapo ndipo wanafunzi wengi hubisha, kwa hiyo tusipaharakishe. Madirisha ya upande wa bahari tutayafunga, maana upepo wa Shangani haujui kukaa vilevile.

Vifaa:
1. Mikindani: stendi na rula za mita.
2. Mjini: stopwochi.
3. Newala na Tandahimba: karatasi za grafu tu, safari yenu ndefu.

Naomba kila mmoja aandike hapa NAKUJA au SIJI kabla ya Jumatano saa 2 usiku. Wanaolala mjini Ijumaa waseme pia, tuwatafutie pa kufikia.